Kiota Nje ya Mpaka

1

Sikio namba 214 lilituma taarifa saa moja na dakika kumi asubuhi, Atuganile Sanga akiwa mlangoni mwa kituo na kikombe cha uji mkononi. Alisoma simu yake, akadhani macho yanamdanganya, akaifuta kwa kiganja na kusoma tena. Mbayuwayu buluu. Vifaranga, si pungufu ya watatu. Umri: siku sita. Mahali: mashamba ya viazi ya kijiji cha Igelemo, mita mia nane nje ya mpaka.

Uji aliuacha palepale juu ya meza. Baada ya muda mfupi alikuwa juu ya pikipiki ya umeme, akiteremka kuelekea Igelemo huku umande ukimlowesha magoti.

Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja akiwa Mpimaji wa Uwanda wa Ludilo. Wageni waliofika mara ya kwanza walimwuliza uzio uko wapi, naye aliwajibu kwamba hakuna. Ludilo ilikuwa na vigingi elfu mbili vyenye taa kichwani. Taa nyeupe: lima, chunga, pita. Taa nyekundu: rudi. Waliobadilisha rangi hizo walikuwa ndege wenyewe. Masikio, yaani nguzo fupi za rangi ya udongo zilizosimikwa kila baada ya mita mia tatu, yalisikiliza usiku na mchana, yakimtambua kila ndege kwa sauti yake, na mpaka wa hifadhi ukawafuata ndege popote walipozaa.

Kwa hiyo uwanda ulikuwa kama kifua cha mtu anayepumua. Septemba, mbayuwayu buluu walipowasili kutoka kaskazini, mabonde yalifungwa. Desemba walishuka korongo weupe kwa maelfu kufuata panzi. Lakini hao hawazai huku, hivyo taa zilibaki nyeupe na ng'ombe walichunga katikati yao bila ugomvi. Januari tandawala madume, ndege wakubwa watembeao ardhini, walivimbisha shingo juu ya vilima, na vilima vikafungwa. Kisha Juni baridi iliunguza nyasi, wengi walihama au kuteremka kwenye joto, wakabaki kunguru na vindege vidogo vya majanini, na karibu uwanda wote ukarudi mikononi mwa watu. Watu walikata majani ya kuezekea, wakacheza mpira pale tandawala walipokuwa wakicheza ngoma yao.

Igelemo haikuwahi kuguswa na mambo hayo. Kwa miaka kumi na moja, hakuna taa iliyowaka nyekundu kule.

Alilikuta shimo kwenye ukingo wa majani uliotenganisha mashamba mawili. Muhanga ndiye aliyelichimba, pengine msimu uliopita, akitafuta mchwa. Atuganile alilala kifudifudi, akasubiri. Dume alikuja kwanza, rangi yake kama chuma kilichopakwa mafuta, mkia wake nyuzi mbili ndefu nyembamba. Alizama shimoni bila kupunguza mwendo, akatoka, akapotea juu ya viazi. Jike alimfuata. Walipokwenda wote wawili, Atuganile aliingiza kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo. Juu, kwenye dari ya shimo, palikuwa na kibakuli cha udongo kilichotandikwa manyoya meupe. Midomo minne ya njano ilifunguka kumwelekea.

"Kamwene, Mpimaji. Mbona umelala shambani kwangu kama nyoka?"

Alikuwa Vaileti Chaula, mwenyekiti wa kijiji, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, koti la mvua begani. Nyuma yake, barabarani, trekta tatu zisizo na dereva zilikuwa zimewashwa zikingoja amri.

"Kamwene, mwenyekiti. Njoo polepole. Usikanyage hapo mbele."

Vaileti alikuja, akachuchumaa, akatazama alipoonyeshwa. Dume alirudi, akapita karibu na uso wake.

"Ndiye yule wa taa nyekundu?"

"Ndiye."

Vaileti aliinuka, akakung'uta magoti. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo ndiyo tunaanza kuvuna. Umeona mwenyewe ugonjwa wa baka ulivyomaliza majani. Viazi vikikaa wiki mbili zaidi kwenye udongo huu wa maji, vinaoza vyote."

"Najua."

"Sasa utaandika nini?"

"Nina muda mpaka jua lizame," Atuganile alisema. "Zima hizo trekta kwanza, tafadhali."

2

Sikio lilisikia, lakini jicho la mtu ndilo lililofunga. Hivyo ndivyo sheria ilivyosema, na Atuganile aliipenda kwa sababu hiyo. Kila taarifa ilisubiri neno moja la Mpimaji kabla ya jua kuzama. Kama angeandika Kiota, taa zote ndani ya nusu kilomita zingegeuka nyekundu, na kila injini iliyomo ingezimika yenyewe mpaka ndege wahame, mwisho wa Aprili. Kama angeandika Mpito, maana yake ilikuwa kwamba ndege alipita tu akiimba, na sikio lingesahau.

Ndani ya nusu kilomita hiyo zilikuwamo ekari tisini za viazi, mali ya kaya arobaini na sita.

Mkuu wake, Ponsiano Nyagawa, alipiga simu kabla hajamaliza kuhesabu.

"Nimeiona taarifa ya 214," alisema. "Andika Mpito."

"Mkuu, nimewaona kwa macho. Wanne."

"Atu, nisikilize." Nyagawa hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyezunguka vijiji kwa miguu, nywele zake zikiwa bado nyeusi, akiwaomba watu wakubali mipaka inayotembea. "Kuna wakubwa wanatafuta sababu ya kuifuta sheria hii. Ukiifunga Igelemo wiki ya mavuno, umewapa panga na jiwe la kulinolea. Msimu huu una jozi ngapi ndani ya hifadhi?"

"Kumi na tisa."

"Basi. Kiota kimoja kwa ajili ya viota kumi na tisa. Hesabu hiyo ni ngumu?"

"Trekta zikipita lile shimo linaanguka, mkuu."

"Watajenga mwakani."

"Wangekuwa jozi elfu, ningesema mwakani. Wamebaki jozi ishirini."

Nyagawa alivuta pumzi. "Mimi sikuamuru. Nakushauri kama kaka yako. Jua likizama nitasoma ulichoandika."

Atuganile alikaa juu ya pikipiki yake muda mrefu baada ya simu kukatika. Hesabu ya Nyagawa ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomkera. Neno moja la uongo, na watu wangekula, sheria ingebaki, jozi nyingine kumi na tisa za mbayuwayu zingelindwa. Upande wa pili kulikuwa na ukweli ambao ungeozesha chakula cha watu wasio na kosa lolote, isipokuwa kwamba ndege alipapenda kwao. Alijaribu kujiona akiandika Mpito. Mkono ulikubali. Macho, yaliyokwisha kuona ile midomo minne, yalikataa.

Akawasha pikipiki kwenda kijijini. Jambo lile halikuwa la kuamuliwa na mtu mmoja aliyekaa kando ya barabara.

3

Watu walijaa ghala la viazi kufikia saa tano. Atuganile alisimama juu ya kreti tupu, akawaeleza kila kitu: shimo, vifaranga, nusu kilomita, mwisho wa Aprili. Hakupunguza, hakulainisha.

"Nina maneno mawili tu ya kuandika," alimaliza. "Moja ni kweli. Jingine ni uongo, na hakuna atakayejua."

"Basi andika la uongo!" Lameki Tweve, msimamizi wa trekta za ushirika, alipaza sauti. Alikuwa kijana wa miaka thelathini mwenye kifua kipana. "Dada, tunakuheshimu. Lakini ndege ana mabawa. Kiazi hakina."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza walipoona Vaileti amesimama.

"Miaka minne iliyopita," Vaileti alisema, "kule Bonde la Juu, sikio lilisema kuna tandawala. Ng'ombe wetu walikuwa wanakufa kwa njaa. Huyu alikwenda, akatazama, akaandika Mpito. Taa zikabaki nyeupe. Wale wa ofisini walitaka kupinga, wakashindwa. Kwa nini? Kwa sababu neno la Mpimaji halijawahi kukutwa na uongo. Leo akisema uongo kwa ajili yetu, mwakani akija kuniambia hapa pana ndege, nitajuaje kwamba hasemi kwa ajili ya mtu mwingine?"

"Ukweli hauendi chunguni, mwenyekiti," Lameki alisema.

"Sikusema unaenda. Shamba langu ndilo lenye shimo, Lameki. Nina haki ya kuuliza kuliko wewe." Akamgeukia Atuganile. "Sasa, Mpimaji, tukishakubali ukweli wako, tunakula nini?"

Atuganile alikuwa amelijibu swali hilo njiani, kipande kwa kipande, na kufikia mlango wa ghala alikuwa na uhakika.

"Kuna kifungu," alisema. "Kinasema baada ya kufunga, hapaingii injini, wala mtu, isipokuwa aliye chini ya jicho la Mpimaji. Kiliandikwa kwa ajili ya watafiti wawili watatu wanaokuja na daftari. Lakini hakikutaja idadi. Naandika Kiota. Kisha nawaingiza ninyi, chini ya jicho langu, mvune kwa jembe."

Ghala lilivuma.

"Kwa jembe?" Lameki alishika kichwa. "Ekari tisini? Dada, nusu ya watu hawa hawajawahi kuchimba kiazi kwa mkono tangu wazaliwe!"

"Watajifunza. Tunaanza mbali, tunakuja kuelekea shimoni. Mimi nitakaa pale nikihesabu. Leo asubuhi wale wazazi wamelisha mara kumi na nne kwa saa. Hesabu ikishuka chini ya kumi kwa saa mbili mfululizo, nainua bendera, na kila mtu anatoka. Sitajadiliana na mtu siku hiyo. Nataka mnikubalie sasa, mchana kweupe, kwamba nikisema tokeni, mtatoka."

Walibishana karibu saa nzima. Mwishowe mikono iliinuliwa, wa Lameki ukiwa wa mwisho, nusu tu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

Jua lilipogusa vilima aliandika neno moja, kisha akaongeza maelezo ya mistari minane kuhusu kile atakachofanya kesho yake. Taa zikageuka nyekundu mpaka nyuma ya nyumba za watu. Simu ya Nyagawa iliingia papo hapo.

"Umesoma sheria hii vizuri kuliko mimi niliyeiandika," alisema kwa sauti ya baridi. "Utaitwa kwenye kamati kwa hilo."

"Nitakuja na hesabu zangu, mkuu."

4

Walikuja watu mia mbili na kumi, na majembe ya kila namna: ya babu zao, ya kukodi, matatu yaliyokuwa yametundikwa ukutani shuleni kama kumbukumbu za kale. Wazee waliwaonyesha vijana namna ya kuingiza jembe pembeni mwa tuta ili lisikate kiazi. Kufikia saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka, na bado mistari ilisonga mbele.

Atuganile alikaa mita thelathini kutoka shimoni, chini ya turubai la rangi ya majani, akiwa na kibonyezo mkononi. Sikio 214 lilihesabu pia, lakini yeye hakuliachia kazi. Saa ya kwanza: kumi na tano. Saa ya pili: kumi na tano. Mchana, mistari ilipokaribia, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Wale mbayuwayu wawili walikuwa wameacha kwenda mbali bondeni. Walikuwa wanapita chinichini juu ya migongo ya wachimbaji, wakidaka wadudu waliorushwa na jembe. Saa ya saba: kumi na saba.

Aliandika namba hiyo, akaipigia mstari.

Siku ya pili hesabu ilibaki juu. Ekari arobaini na nane zilikuwa ghalani. Lameki, aliyekuwa akichimba mstari wa mbele kwa hasira zaidi kuliko wote, alikuja kuchukua maji, akasimama nje ya turubai.

"Wanasemaje hao wenye nyumba?"

"Kumi na sita."

"Kumbe tunawapikia," alisema, akarudi shambani akijizuia kutabasamu.

Siku ya tatu ukungu ulishuka saa tano.

Ulikuja kwa mkupuo kutoka mlimani, mzito, ukafunika mistari ya nyuma, kisha ya mbele. Ekari zilizobaki zilikuwa ishirini, zote zikilizunguka shimo, na watu walikuwa mita mia moja na hamsini tu kutoka pale alipoketi. Saa ile hesabu ilikuwa tisa. Saa iliyofuata, sita. Aliliuliza sikio sababu. Lilijibu: haijulikani.

Ingekuwa ukungu, maana wadudu hawaruki kwenye ukungu. Ingekuwa watu, maana sasa walikuwa karibu kuliko siku zote. Alitazama miaka yake kumi na moja yote ya maandishi, akatafuta siku inayofanana na hii, na hakuiona. Aliinua bendera.

"Hapana!" Lameki alitupa jembe chini. "Dada, ni ukungu huu! Hata mimi sioni mkono wangu, ndege ataona inzi? Zimebaki ekari ishirini, siku moja tu!"

"Pengine ni ukungu," Atuganile alisema. "Sijui. Na kwa kuwa sijui, tunatoka."

"Ukungu ukiondoka kesho?"

"Hesabu ikirudi kumi na nne, mnaingia. Isiporudi, hamwingii."

Watu walisimama na majembe yao, mvuke ukiwatoka migongoni. Hapakuwa na askari. Alikuwa mwanamke mmoja mwenye kitambaa chekundu kwenye mti, mbele ya watu mia mbili, na kila mmoja wao aliweza kumpita. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

Vaileti Chaula alitoka mstarini. Ekari kumi kati ya zile ishirini zilikuwa zake, na kila mtu pale alijua. Alichukua jembe lake, akaliweka begani.

"Tulinyoosha mikono," alisema. Akatangulia kutoka. Mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, wakamfuata. Lameki aliondoka wa mwisho, bila kumtazama Atuganile.

Ukungu ulikaa siku tano. Hesabu haikuvuka kumi na moja. Siku ya nne aliingiza kioo chake shimoni, akahesabu midomo mara tatu. Ilikuwa mitatu. Kifaranga wa nne alikuwa amelala ukingoni mwa kibakuli, mdogo kuliko wenzake, amekauka.

Aliliandika hilo pia, kwa maneno hayohayo ambayo angeyatumia kwa jambo jingine lolote. Ukungu ulipoondoka, mvua kubwa ilishika, na ekari ishirini za mwisho zilianza kunuka.

5

Kamati ilikaa kwa siku moja mjini. Walikuwa watu watano, Nyagawa katikati. Walimwuliza kama alitumia kifungu kwa namna isiyokusudiwa, akajibu ndiyo. Walimwuliza kama anaweza kuthibitisha kwamba watu hawakumwua yule kifaranga, akajibu hapana. Walimwuliza kama angefanya tena.

"Ndiyo," alisema, "ila ningeweka mwisho wa mstari mbali zaidi. Ekari sabini zimevunwa, vifaranga watatu wako hai mpaka leo asubuhi, na wakati jembe likiwa mbali kidogo wazazi walilisha zaidi kuliko kawaida. Hilo hatukulijua. Sasa tunalijua. Yote yameandikwa, mazuri na mabaya. Yasomeni."

Walisoma mchana kutwa. Jioni Nyagawa aliuleta uamuzi mwenyewe, mpaka kwenye benchi alipokuwa akingoja. Atasimamishwa kazi msimu mmoja, kuanzia Septemba, kwa kutumia mamlaka bila kuomba idhini. Kifungu kitabaki. Kitaongezwa masharti matatu: jembe tu, hesabu ya kila saa, na bendera.

"Masharti ni yako," Nyagawa alisema. "Nimeyanakili tu." Alikaa kando yake. "Nilikushauri vibaya, Atu."

"Ulikuwa na hesabu nzuri, mkuu."

"Ndiyo. Ilikuwa nzuri sana." Akasimama, akampa mkono.

6

Siku ya ishirini na nne tangu vifaranga waanguliwe, asubuhi yenye jua, Atuganile alimpigia Vaileti simu akamwambia aje kama ana nafasi. Walikaa pamoja chini ya turubai. Harufu ya viazi vilivyooza ilikuwa kali kiasi kwamba Vaileti alijifunika pua kwa khanga.

Wazazi hawakuwa wakiingia tena shimoni. Walipita mbele ya mlango wake na wadudu mdomoni, wakaita, wakaondoka. Kifaranga wa kwanza alitokeza kichwa. Alikaa mdomoni mwa shimo, manyoya yake yakiwa bado ya kijivu, mkia mfupi, akitazama anga lote lile. Kisha akaruka. Hakuanguka hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kigingi chenye taa nyekundu, akatua juu yake. Wa pili alimfuata baada ya dakika chache. Wa tatu aliwachelewesha karibu nusu saa, akaingia na kutoka, mpaka Vaileti akaanza kumsihi kwa Kikinga, kwa sauti ya chini, kama anavyosihiwa mtoto mbishi. Naye akaruka.

"Ni wadogo namna hii," Vaileti alisema. Hakuonyesha furaha wala majuto. Aliwatazama kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine. "Mwakani watarudi hapahapa?"

"Wazazi wakinusurika safarini, mara nyingi hurudi shimo lilelile."

"Mwezi wa tisa?"

"Wa tisa, au mwanzoni mwa wa kumi."

Vaileti aliinuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akatembea ukingoni mwa shamba lake akihesabu hatua kwa sauti, viazi vilivyooza vikizama chini ya mabuti yake. Alipofika hatua ya themanini alisimama, akachomeka kijiti ardhini.

"Kutoka hapa mpaka kwenye shimo napanda pareto," alimpazia sauti. "Maua yake huchumwa kwa mkono, na trekta haina kazi pale. Na msimu ujao, hata kama huna kitambulisho cha hifadhi, utakuja kukaa hapa na kuhesabu. Mimi nitakuwa nachuma."

"Nitakuja," Atuganile alisema.

Vaileti alikwisha kugeuka, akiendelea kuhesabu upande wa pili.